Maka Peni na Uchakavu wa Mount Gelai

Kwa miezi kadhaa sasa, jioni baada ya kazi, nimekuwa nikijenga modeli ya injini ya mvuke namba 5918, Mount Gelai, ile iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi. Ni moja kati ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki. Kila moja ilipewa jina la mlima, na uzito wake ulipita tani 250. Modeli yangu ni ya kipimo cha 1:76, nimeiunda kwa plastiki bapa, na karibu uchakavu wake wote, yaani kutu, masizi na alama za kutumika zinazoifanya ionekane ya kweli, nimeutia kwa maka peni. Sina mashine ya kupulizia rangi, lakini hata ningekuwa nayo, mistari ya maungio na madoa madogo ningeendelea kuyafanya kwa kalamu, kwa kuwa ncha yake hutii mkono kuliko kifaa kingine chochote nilichowahi kushika.

Jambo ambalo wengi wanaoanza hulisahau ni hesabu ya kipimo. Maka yenye ncha ya milimita 0.3 inaonekana nyembamba sana, lakini ukizidisha mara 76 unapata karibu milimita 23, yaani ufa ambao kidole cha mtu mzima kingeingia. Hakuna fundi wa reli ambaye angeacha mwanya wa namna hiyo kati ya bamba na bamba la tangi la maji. Kwa hiyo mstari ukiachwa kama ulivyochorwa, injini hugeuka katuni. Mimi huchora, nasubiri kidogo, kisha napangusa kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo tu, nikielekeza mkono kukatiza mstari na si kuufuata, mpaka wino ubaki ndani ya mfereji mwembamba wa maungio peke yake. Rangi nayo huchagua kijivu cha moshi au kahawia iliyokoza. Weusi mtupu juu ya rangi ya damu ya mzee hupiga kelele mno.

Kinachoamua kazi yote ni aina ya wino. Kuna maka za spiriti, za mafuta na za maji, na kila moja ina adui wake. Mwili wa modeli nimeupaka rangi ya akriliki, ambayo spiriti huiyeyusha hata ikiwa imekauka. Basi kwa maungio natumia maka ya mafuta na kupangusia tapentaini, baada ya kupaka tabaka la vanishi inayong'aa ili wino uteleze mferejini wenyewe. Plastiki tupu isiguswe na tapentaini, hasa pale ilipokunjwa au kubanwa, kwani hupenya na kuipasua. Somo la wino wa spiriti nililipata kwa uchungu: namba za ubavuni nilikuwa nimeziandika kwa maka nyeusi isiyofutika, kazi ya jioni mbili, na nilipopulizia vanishi ya kopo juu yake wino uliyeyuka papo hapo, ukachuruzika zambarau hadi kwenye magurudumu. Ilinibidi nikwangue ubavu mzima na kuupaka upya.

Kutu huipata kwa maka ya maji ya rangi ya machungwa na nyingine ya kahawia. Nagusa nukta chini ya ribiti, ule msumari unaoshikanisha mabamba, kisha kabla sekunde tano hazijapita naivuta kwenda chini kwa brashi yenye unyevu, kwa sababu maji ya mvua ndiyo yanayobeba kutu na maji hayapandi. Kwenye boila kuna michirizi ya aina nyingine: mvuke unapovuja na kukauka huacha chumvichumvi nyeupe, na hiyo naichora kwa maka nyeupe iliyokaribia kukauka, nyembamba kama uzi, ikianzia kwenye kiungo cha bomba. Masizi hayafai kuchorwa kwa ncha. Nafinyia wino mweusi juu ya kifuniko cha plastiki, nauchovya kwa kipande cha sifongo, nakipunguza kwenye karatasi, ndipo nagusagusa kuzunguka bomba la moshi.

Maka ya rangi ya fedha naitumia kwa uchoyo. Niliposimama kando ya injini yenyewe nilitazama kwa makini ni wapi watu hushika na kukanyaga: kingo za vidato vya ngazi, vishikio vya mlango wa chumba cha dereva, pembe za kifuniko cha tangi. Hapo tu ndipo chuma kinapoonekana kwenye modeli yangu. Imebaki mikono mirefu inayoendesha magurudumu, ambayo nataka ing'ae kwa mafuta bila kuonekana mipya, na kwa sasa najaribu kupitisha maka ya kahawia nyepesi juu ya ile ya fedha, nikiipangusa nusu kwa kidole kabla haijakauka.