Tuliwapa vijana ibada nzima, wakaanza na matangazo

Kambi nyingi za vijana ninazozijua mimi ni zile zile, watoto wanapewa kuimba wimbo mmoja na kusoma somo moja, basi, eti wameongoza ibada. Safari hii tulikuwa Irente, kule juu Lushoto, na mchungaji tuliyepanda naye akawaambia Jumapili yote ni yenu kuanzia kengele mpaka mnada wa sadaka za vitu. Yeye wamwachie tangazo la msamaha, meza ya Bwana na baraka, maana hizo ni za aliyebarikiwa kuwa mchungaji, na masomo wasiguse kwa sababu kalenda ya KKKT, kanisa letu la Kilutheri, imeshayapanga.

Sisi walezi tukajua tu hapa litakuja kinanda na kurukaruka lisaa lizima, wazee wa usharika wenyeji watatukimbia.

Wa kwanza kunyoosha mkono, binti wa kidato cha tatu, akauliza, "Dada, hivi matangazo ni ya lazima?" Ukumbi ukalipuka. Si mnajua wenyewe, mahubiri dakika 20, matangazo nusu saa, ndoa zinatangazwa mara ya pili, ahadi za ujenzi, afu anasimama mwingine kuongezea alichosahau mwenzake. Wengi wakataka yafutwe kabisa, ila kijana mmoja anayeishi na bibi yake akakataa, akasema bibi hasomi na simu yake ni kitochi, asiposikia kanisani hajui nani kafiwa. Wakabishana weeee, mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana misiba na wagonjwa vitangazwe kabla tu ya maombi ili viombewe hapo hapo, mengine yote yabandikwe ubaoni. Nimekaa sana kwenye vikao vya kanisa na sijawahi kusikia mtu mzima akiwaza hivyo.

Ungamo nilidhani watalitupa, wakaliacha neno kwa neno. Walichotaka ni lisisomwe mbio mbio kama watu wanawahi daladala.

Kazi ilikuwa kwenye maombi. Sala za kwanza zilikuwa kopi ya wazee, viongozi wa nchi, wajane, yatima, amina. Mlezi mwenzangu akawauliza, na nyie mkiwa peke yenu mnaombaga nini? Wakaondoka kimya, jioni wakarudi na karatasi nyingine kabisa. Waliopata ziro kidato cha nne na kila siku nyumbani wanakumbushwa ada iliyopotea. Kaka zao wa bodaboda. Baba ambao wapo ila hawapokei simu. Na kuna mmoja aliandika, "Bwana uwakumbuke wanaokuja kanisani kwa kulazimishwa, akiwemo mwandishi wa sala hii." Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani, akairudisha sala bila kufuta hata nukta.

Wenyeji wao waliomba kitu kimoja tu, wimbo wa Kisambaa uwepo. Huwezi kukataa hilo kwenye milima ambayo Walutheri wapo tangu 1891 walipoanzia kule Mlalo. Shida ni kwamba vijana wetu wa Tanga mjini, hata wenye majina ya Kisambaa kabisa, lugha hawana, wanaishia kwenye salamu. Wakawa wanafundishwa na mama wa jikoni usiku, wamejifunika mashuka ya kimasai maana baridi ya mwezi wa sita kule usiombe, na Jumapili wakaimba huku bibi wa benchi la mbele akiwasahihisha matamshi kwa sauti, kila ubeti, bila aibu.

Mnada nao wakaendesha wenyewe, kabichi, karoti na jogoo mmoja mkorofi aliyepandishwa bei kwa utani tu.

Sasa usharika wetu huku mjini umewaomba waongoze Jumapili moja mwezi wa nane, ila wazee wanataka kuzipitia sala kwanza. Nimewapelekea karatasi zote kama zilivyo, na ile ya kulazimishwa nimeiweka juu kabisa.