Hiyo Mabela iko kaunti gani?

Swali hilo nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekwenda nalo kazini Wadi Kabir nikarudi nalo nyumbani Mabela, hapa hapa Muscat, Oman, na bado halijatulia.

Kijana, mwanangu, kasharudi kutoka Misri, alhamdulillahi, mzima, jua la Ismailia limemkausha, na begi lake nimelifungulia uani maana ndani hatukuweza. Mbio zake mnazijua, nusu ya ukoo mlinipigia simu hata kabla hajavua viatu: fainali ya mita 800, kengele ikalia yeye kabanwa ndani, akapata njia ya kutoka wenzake washaondoka, akawa wa sita. Wa sita katika vijana wa nchi zote za Kiarabu walio chini ya miaka 20. Mie nimeridhika, babake karidhika kwa shingo upande, si hilo linalonikera.

Ni alichonisimulia garini njiani kutoka uwanja wa ndege, mdomo umejaa sambusa za Bi Mkubwa, mama yangu.

Kabla ya mbio, anasema, hukusanywa kwenye chumba cha ukaguzi. Simu zinachukuliwa. Begi linapekuliwa. Mwamuzi anakigeuza kiatu juu chini, anahesabu misumari isizidi 11, anapima isizidi milimita 9. (Vile viatu nilivyovilalamikia hapa mwezi wa Ramadhani vilipita, wenye kuniombea Mungu awalipe.) Ukishakaguliwa unakaa kwenye benchi na wapinzani wako, mabega yanagusana, kila mmoja anatazama sakafu. Kijana katika kujinyoosha akajigonga goti, na likamtoka lile neno la bibi yake, ambalo siliandiki.

Aliyekaa ubavuni kwake, kijana wa timu nyingine ya huku huku Ghuba, sitaitaja, jirani ni jirani, akageuka macho yamemtoka.

"Wewe! Unajua Kiswahili?"

"Najua."

"Walikutoa wapi?"

"Nani?"

"Hawa. Wewe ni wa Kenya pande gani?"

"Mimi wa Mabela."

"Mabela. Hiyo iko kaunti gani?"

Hapo wakaitwa uwanjani, mazungumzo yakaishia hapo.

Kijana alicheka mpaka akapaliwa. Na mie nilicheka naye, wallahi, lakini tulipoipita Burj Al Sahwa kicheko kilikuwa kishanikauka. Hawa. Walikutoa wapi. Mtoto kazaliwa hapa, mama yake nimezaliwa hapa, jezi ya taifa kifuani na khanjari yake juu ya moyo, anaulizwa amechotwa kutoka wapi kama kwamba yupo kwa mkataba. Na hakuulizwa na muuza samaki wa Seeb, ambaye nimeshamzoea. Kaulizwa kwa Kiswahili, na mtoto mwenziwe.

Mnaonisoma kutoka Unguja na Dar pengine hamlijui hili kwa undani. Bi Mkubwa aliingia Muscat baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliotawanyika warudi kujenga nchi, naye alitua na masanduku mawili na mbuzi ya kukunia nazi, mahali ambapo nazi zenyewe hazikuwepo. Sisi watoto tulizaliwa huku, tukasoma huku, na bado shuleni tulikuwa Wazinjibari, yaani watu wa Zanzibar. Nikiwa peke yangu dukani mie Mwomani. Nikiingia na mama, tukabishana bei ya bizari kwa lugha yetu, muuzaji hutuangalia mara mbili kisha hutaka kujua asili. Hana ubaya, wala hanipunguzii bei. Nilijisemea tu kwamba kwa Kijana litakuwa limekwisha.

Nikawa nalirudia. Nikikoroga chai nalirudia. Nikifunga hesabu za mwezi, badala ya kuona vipuri naona benchi lile. Natafuta jibu ambalo angelitoa. "Hakunitoa mtu" ni jibu zuri, lakini fupi mno. "Babu yangu alizaliwa Ibra" ni kweli, ila mtoto wa watu kaunti ya Ibra ataitafuta wapi? Na angeeleza saa ngapi yote hayo, mwamuzi keshafungua mlango?

Nikampelekea Baba Watoto. Mnamjua. Hakuinua macho. "Angemjibu 45.81." Yaani sekunde za Mohammed Al-Malki wetu wa Oman, Beijing 1990, mita 400, dhahabu ya Michezo ya Asia. Katika nyumba hii maswali yote ya dunia yana jibu hilo moja. Hata nilipomuuliza kama tupake rangi sebule, nusura anijibu hivyo. Kijana alichagua mita 800 kwa makusudi, nadhani, ili awe mbali na kivuli cha Al-Malki angalau kwa mzunguko mmoja.

Bi Mkubwa yeye alisikiliza yote, akatafuna tambuu lake, akasema, "Angemwambia kwetu Malindi. Angeridhika." Na ni kweli kazaliwa Malindi, Malindi ya Mji Mkongwe, siyo ile ya Kilifi. Yule kijana angepata kaunti yake, na hakuna ambaye angekuwa kasema uongo. Mama huyu.

Kwa kweli asili ya swali naijua. Huku Ghuba wakimbiaji wamehamia sana. Nani asiyemkumbuka Stephen Cherono, aliyegeuka Saif Saaeed Shaheen wa Qatar mwaka 2003, na mwaka huo huo akachukua ubingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji kule Paris, nduguye Abraham yumo kwenye mbio zile zile kwa jezi ya Kenya? Bahrain nao waliwapata kutoka Kenya Ruth Jebet, dhahabu ya Olimpiki ya Rio 2016, na Winfred Yavi aliyeshinda ubingwa wa dunia Budapest 2023. Siku hizi mlango umebanwa: tangu 2018 anayehama nchi hungoja miaka mitatu, na asiyefika miaka 20 hahamishwi. Kwa hiyo nikabaki najiuliza, huyu aliyemuuliza mwanangu, yeye mwenyewe walimtoa wapi?

Jana usiku nikamfuata Kijana jikoni. Akakunja uso. "Mama, bado tu na hilo?" Nikamwambia nataka kujua tu, mwenzako yule kafikaje pale. Akavuta kiti, maana kulikuwa na vitumbua.

Kumbe waliongea tena baada ya mbio. Yule alikuwa wa nne, kaikosa medali kwa kifua, kakaa kwenye nyasi kaficha uso kwa fulana. Kijana akaenda akakaa karibu naye, hakusema kitu, akamsukumia chupa ya maji. Basi ndipo akajieleza. Babake ndiye aliyechukuliwa, zamani, kukimbia marathoni. Akapewa pasi, magoti yakamwisha, akabaki na familia. Yeye kazaliwa huko huko. Kenya huenda likizo, Machakos kwa nyanya yake, na nyanya anamwita Mwarabu.

"Na watu wakikuuliza unatoka wapi?" Kijana akamuuliza.

"Mimi husema Iten." Ule mji wa wakimbiaji kule Kenya.

"Kwani wewe wa Iten?"

"Sijawahi kufika. Lakini ukisema Iten wanakuachilia. Hata wewe sema tu Iten."

Nikakaa chini na mwiko mkononi. Nilikuwa nimemchukia mtoto wa watu tangu wiki ianze! Nimemjibu kwa ukali kila siku kichwani mwangu, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, naye muda wote alikuwa anatafuta mwenziwe kwenye benchi lile. Lilimtoka neno moja mtu wa kando, neno la matusi lakini la nyumbani, naye akadhani kapata. Halafu mwenzie akamwambia Mabela.

"Ulimweleza Mabela ni wapi?"

"Nilimwonesha kwenye simu. Kaiona na picha ya nyumba yetu. Kasema hiyo siyo kaunti, hiyo ni jangwa."

Tukacheka wote, mpaka Bi Mkubwa akagonga ukuta. Nimemwambia Kijana amwalike timu yao ikija kufanya mazoezi Boushar, alale hapa, nitampikia wali wa nazi na mchuzi wa papa. Kijana akasema na Wangazija je, maana na wao walikuwepo, na alipiga nao soga usiku kucha hotelini kila mtu kwa lugha yake na wakaelewana. Nikamwambia waje na Wangazija. Jumuiya ya Kiarabu iliwapokea tangu 1993, mie nani niwafungie mlango?

Mengine ya wiki kwa kifupi: mdogo wangu kavishwa pete, ofisini kaja bosi mpya, na gari la Baba Watoto hatimaye limepata mnunuzi. Pongezi zenu zimefika.

Ila nina jambo. AC ya chumbani kwa Bi Mkubwa inatiririsha maji ukutani, rangi imeanza kuvimba pale karibu na swichi, na yeye hakubali kuhamia chumba cha wageni kwa kuwa kibla anakijua akiwa kitandani kwake. Joto limeshaanza na fundi wetu kaenda Kerala likizo. Mwenye fundi wa kuaminika upande wa Seeb au Mabela aniandikie leo, tafadhali, hata usiku.