Mzee wa Mawimbi wa Newport Beach

Chumba cha Newport Beach, California, kilitangazwa kuwa "kinatazama bahari". Ni kweli, ukipanda juu ya ukingo wa bafu ukakunja shingo, unaona kipande cha buluu kati ya mapaa mawili. Kwa pesa ile, Tanga ningepanga nyumba nzima ya mwezi na mpishi juu yake. Nilipomwandikia mwenye chumba, akanijibu kwa kikatuni cha uso unaocheka. Los Angeles nilikotoka sina la kusimulia, nilichoona huko ni barabara tu. Basi nikaifuata bahari mwenyewe, nikatembea rasi ya Balboa hadi inapokwisha. Nilikwenda kwa miguu, maana hata kuegesha gari pale ni bei ya chakula cha mchana.

Rasi inaishia mahali panapoitwa The Wedge, na hapo ndipo nilipopotelea mchana mzima. Watu walikuwa wamejipanga mchangani kama wako uwanja wa mpira, wanatazama maji. Kuna ukuta wa mawe makubwa unaolinda mlango wa bandari, uliorefushwa na kuimarishwa miaka ya 1930. Mawimbi yanayozaliwa na dhoruba za mbali kusini mwa dunia hufika pale, yakaugonga ukuta, yakarudi kwa pembeni. Yakikutana na wimbi la nyuma, mawili yanakuwa moja, linainuka ghafla na kuvunjikia karibu kabisa na nchi kavu, kwenye maji ya kina cha goti. Siku kubwa linapita futi 20. Siku niliyofika halikuwa hivyo, lakini mlio wake niliusikia tumboni.

Wanaocheza hawakuwa na ubao. Walivaa mapezi miguuni tu, wakateleza na wimbi kwa kifua, mkono mmoja mbele. Nikamuuliza mzee aliyekaa karibu yangu mbao ziko wapi. Akanionyesha bendera ya njano yenye duara jeusi: kuanzia Mei mpaka mwisho wa Oktoba, saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ubao marufuku pale. Saa za kuteleza kwa mwili bila ubao. Alilisema hilo kwa fahari ya mtu aliyepigania shamba lake.

Kumbe alikuwa mwokoaji wa baharini aliyestaafu, maisha yake yote ya kazi yamepita kwenye fukwe za California. Aliniambia nimwite kwa jina lake. Mtu mwenye mvi zile! Nikamwita mzee, akakubali.

Nilimuuliza kuokoa alijifunza wapi. Nilitarajia ataje chuo. Akaonyesha maji. Mafunzo yalikuwepo, alisema, ya kukimbia na kuogelea na kumpulizia mtu pumzi, lakini wimbi alilijua kwa kubebwa nalo na kubwagwa nalo tangu utoto. Aliyewahi kuzungushwa chini mpaka asijue juu ni wapi hapotezi akili akipigwa akiwa na mtu mikononi. Anajua litamwachia. Akamtaja Bob Burnside, mwokoaji wa Los Angeles aliyekuwa bingwa wa mchezo huu huu na ndiye aliyeleta boya la plastiki badala ya lile la chuma, ambalo wimbi likilirusha linaweza kumpasua kichwa unayemwokoa.

Katikati ya maneno akanyamaza. "Yule," akasema.

Nikatazama. Sikuona kitu. Vichwa kumi na kitu vinaelea, hakuna anayepiga kelele, hakuna anayepunga mkono.

"Wa kushoto. Anatazama nchi kavu, mdomo uko usawa wa maji. Nywele zimemfunika macho, wala yeye haziondoi."

Kweli, kijana mmoja alikuwa amelaza kichwa nyuma, mikono inasukuma maji chini, haendi popote. Mzee hajamaliza sentensi, binti wa zamu alikwisha shuka kwenye mnara, boya jekundu linamfuata. Ajabu ni kwamba hakumkimbilia kijana. Alikimbia kuelekea ukutani, mbali naye! Nikataka kupiga kelele mimi. Mzee akanishika bega: kando ya mawe maji yaliyojazana ufukweni hutafuta njia ya kurudi, ni mkondo unaotoka nje. Unaua asiyeujua, kwa sababu anapigana nao uso kwa uso badala ya kukata pembeni. Kwa binti yule ulikuwa lifti ya bure. Alijitupa, ukambeba, akamtokea kijana kwa nyuma na kumsukumia boya kifuani. Wimbi moja likawafunika wote wawili. Mzee hakupepesa. Wakaibuka.

Kijana alitapika maji, akaenda kwa wenzake, wakamcheka. Hakuna aliyepiga makofi. Binti akarudi mnarani kufuta mapezi mchanga.

Ng'ambo ya mlango wa bandari ni Corona del Mar. Hapo, tarehe 14 Juni 1925, mashua iitwayo Thelma ilipinduliwa na mawimbi, na Duke Kahanamoku, bingwa wa kuogelea kutoka Hawaii, akaingia na ubao wake mara kwa mara akawatoa watu 8. Karibu na gati la Newport kuna sanamu ya Ben Carlson, mwokoaji aliyefia kazini Julai 2014 akimfuata mtu majini, na mwenyewe alikuwa mpenzi wa mawimbi makubwa. Mzee alilitaja jina lake mara moja tu, akaanza kulalamikia bei ya kahawa.

Nikamfikiria mjomba wangu, mvuvi. Kwetu miamba huyavunja mawimbi mbali, bahari tunaijua kwa kupwa na kujaa, na watoto tunawafukuza majini kwa fimbo. Sikukuu ya Idi vijana wakizidiwa, anayeitwa ni yeye. Malipo yake ni asante, na safari moja, kuku.

Usiku nikampigia. Nikamweleza kuwa huku mtu analipwa mshahara, halafu pensheni, kwa kazi ya kutazama watu wakioga. Mjomba alicheka mpaka akakohoa.

"Waulize," akasema, "kama wanachukua wa miaka sitini."