Vifaranga vya bata mzinga vilikuwa vinakufa njaa na chakula kipo

Leo siku ya 12, vifaranga tisa viko hai na vinakula kama vimetumwa. Naandika kabla sijasahau.

Niko Pongwe, Tanga. Mayai yalikaa siku 28, vikatoka 14. Siku ya tatu nikaanza kuokota vilivyokufa. Nilidhani baridi, nikaongeza jiko la mkaa. Nikanunua vitamini, kisha dawa ya kuhara. Wapi! Vilivyokufa vikafika vitano. Cha mwisho nilikipapasa shingoni: gole (kifuko cha chakula) tupu, na pumba imejaa sahanini.

Kumbe bata mzinga mchanga si kama kifaranga cha kuku, anaweza kusimama juu ya chakula asikijue. Nikashika kimoja kimoja, nikachovya ncha ya mdomo kwenye maji ya uvuguvugu, pua isiguse. Nikarudia kila baada ya saa mbili mpaka usiku.

Ila kilichomaliza kazi ni gololi za mwanangu. Niliziosha, nikazipanga kwenye sahani ya maji. Zinameta, kifaranga anadonoa, mdomo unalowa, anameza. Tena maji yanabaki ya kina kifupi, hawazami. Juu ya pumba nikanyunyiza yai la kuchemsha lililopondwa na mchicha uliokatwa laini mno, kijani kinawavuta. Taa usiku kucha.

Jirani alishauri nichanganye na kifaranga cha kuku awafundishe. Nilikataa, kuku hubeba ugonjwa wa kichwa cheusi, unaoua bata mzinga.

Gololi bado ziko bandani. Mwenyewe anazidai.