Kabla ya kupiga dawa, chungulia chini ya jani

Jamani wenye vibustani nyumbani hebu nisikizeni, hapa kwetu Malindi masika yakishika tu wadudu nao hao, na mwaka jana wamenilia mabiringani mpaka majani yakabaki kama wavu, mishipa mitupu. Nkakimbilia agroveti nkauziwa dawa kali, nkapiga bustani nzima kila kona. Wakafa kweli, lakini wiki mbili hazijesha kunde zikajaa vidukari weusi mpaka vikonyo vinanata, kumbe nimewaua na wale waliokuwa wakiwala hao vidukari. Niliumia sana.

Hapo ndo nyanyangu akanishika mkono tukaenda bustanini alfajiri. Wale wadudu wa mviringo wenye madoa si wamoja, akanambia. Anayekula jani mgongo wake haung'ai, una vinyweleo vidogo kama vumbi, madoa tele, na watoto wake ni wa manjano wana miiba miiba wamejibanza chini ya jani la biringani. Yule mzuri anang'aa kama kapakwa mafuta, na watoto wake ni weusiweusi, warefu, wanakimbiakimbia penye vidukari. Huyo mwache wallahi, hata ukimuona kwenye jani lililotoboka usimguse.

Sasa wale wabaya nawaokota kwa mkono kabla jua halijapanda, maana kukiwa na baridi wanakuwa wazito hawaruki, unatikisa tu jani wanaanguka kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Na mayai yao, yale ya manjano yaliyosimama pamoja chini ya jani, nayaponda kwa kidole. Kila siku dakika kumi, ukiruka siku tatu umerudi nyuma.

Wakizidi ndo natumia mkilifi, huo mwarobaini, na kwetu huku umejaa hata njiani. Watu wengi huchemsha majani lakini nguvu iko kwenye kokwa: zianike kivulini, zimenye, twanga nusu kilo, loweka usiku mmoja kwa lita kumi za maji, chuja kwa kipande cha leso kuukuu, tia sabuni kidogo ishike majani. Piga jioni maana jua linaiua ile dawa, na chini ya majani pia. Usitegemee wafe papo hapo, wanaacha kula kwanza na watoto hawakui, kwa hivo kuwa na subira urudie baada ya wiki.

Kwa maboga ni wengine, wale wa rangi ya chungwa wanaoruka upesi mno, na watoto wao wako udongoni wanakula mizizi. Hapo nafunika miche kwa chandarua kilichochakaa, pembeni nafukia mchanga wasipenye, mpaka ianze kutoa maua, kisha nafunua maana nyuki wasipofika hupati boga. Yangu nimeyafunua juzi, na leo asubuhi nyuki walikuwa wanne kwenye ua moja.