Nilivyoipangia Mauser yangu kitako na darubini

Kwa bunduki ya bolti, ile unayovuta kufuli lake kwa mkono kila baada ya kufyatua, pesa ianze kwenye kitako na namna kinavyokaa. Nasema hivi kwa sababu wengi ninaokutana nao hapa Mbarara huanza na darubini, tena ya bei kali, halafu wanashangaa risasi kutotulia.

Yangu ni Mauser 98, bunduki ya Kijerumani, inayotumia risasi za 9.3x62, yaani unene wa milimita 9.3 na ganda la urefu wa milimita 62. Otto Bock wa Berlin alizibuni mwaka 1905 ili ziingie kwenye Mauser ya kawaida, na zina nguvu ya kutosha kwa nyati wa vichaka vya migunga kandokando ya Ziwa Mburo, ambako uwindaji wa kibali ulirudi mwaka 2001. Bunduki ina leseni, na kazi yote ilifanyika kwa fundi wa silaha aliyeidhinishwa, mzee mstaafu wa jeshi tunayemwita Afande. Mtutu na bolti tuliviacha kama vilivyo. Kabla ya kununua, hakikisha namba ya bolti inalingana na ya mwili wa bunduki; zikitofautiana, mwachie muuzaji mali yake.

Kitako cha awali kilikuwa cha mbao isiyokauka. Masika yakifika huvimba, kikausukuma mtutu upande, na shabaha ikahama. Faibaglasi haina shida hiyo, lakini mimi napenda mbao mkononi, nikachagua mjozi mkavu. Afande alipaka masizi ya taa chini ya chuma, akakilaza kwenye mbao, akakiinua. Penye weusi ndipo palipogusa, na hapo tu akapitisha patasi, unga mwembamba ukidondoka. Akarudia mpaka weusi ukaenea sawasawa, ndipo akamimina epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu, ili chuma kikae imara. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa noti ya shilingi elfu moja, ipite kati ya mtutu na mbao.

“Afande, si imetosha sasa?”

“Bado, mwanangu. Inakwama hapa mbele.”

Akakwangua tena, noti ikateleza mpaka karibu na chemba, pale risasi inapokaa.

Darubini nilichukua ya kukuza mara 1 hadi 4. Vichakani mnyama yuko karibu, ukuzaji mkubwa unakupotezea muda. Jicho likae zaidi ya sentimita 9 nyuma ya kioo, kwa kuwa teke la 9.3 linaweza kukupasua nyusi. Kwenye Mauser kuna jambo jingine: kile kilimi cha usalama cha nyuma husimama wima na kugonga darubini, kwa hiyo tuliweka kingine kinachosogea pembeni.

Kulenga kulikuwa kwepesi. Unatoa bolti, unachungulia ndani ya mtutu mpaka uone katikati ya shabaha, kisha unaileta darubini hapohapo. Ndipo unafyatua na kurekebisha. Kwenye darubini yangu kila mlio mmoja wa kitufe cha kurekebishia husogeza risasi kama milimita 7 kwa mita 100.

Mvua za Aprili zilipokwisha niliirudisha uwanjani nikapima upya. Risasi zilitua palepale, sikugusa kitufe hata kimoja.