Kabla ya kununua priamplifaya

Priamplifaya hupokea mawimbi ya sauti kutoka CD pleya na kuyapeleka kwenye pawa amplifaya (pawa), inayosukuma spika. Anza na karatasi ya vipimo ya pawa amplifaya yako, si na urembo wa boksi. Impidansi (ukinzani kwa mawimbi ya umeme, hupimwa kwa omu) ya kutolea ya priamplifaya isizidi sehemu moja ya kumi ya impidansi ya kuingilia ya pawa.

Priamplifaya za valvu (mirija ya kioo badala ya transista) ndizo huumbua watu, kwa sababu nyingi zina kapasita (kijenzi kinachozuia umeme usiobadilika, na hupunguza besi) kwenye njia ya kutolea. Kapasita ya mikrofaradi 0.47 ikikutana na pawa yenye impidansi ya kuingilia ya omu 47,000, besi huanza kukatwa karibu na hezi 7, hutasikia tofauti. Pawa yenye omu 10,000 hupandisha kikomo hicho hadi hezi 34, na gitaa la besi linakonda. Kisha lawama zote kwa spika! Kapasita ya mikrofaradi 2.2 hurudisha mambo kwenye hezi 7.

Ukuzaji wa priamplifaya nao: CD pleya hutoa volti 2, na pawa nyingi hufika nguvu kamili kwa volti 1 hadi 2. Desibeli 20 (volti mara kumi) za nini? Kinobu cha sauti kitabaki mwanzoni kabisa, mahali ambapo kushoto na kulia havilingani. Desibeli 6 zinatosha, hata sifuri.

Washa priamplifaya kwanza, pawa mwisho. Kuzima, kinyume chake.